Kistari, Nafasi na Maana: Tahajia ya Nomino Ambatano katika Msamiati wa Chai

Utangulizi

Swali la kuandika maneno mawili yakiwa yametengana, yakiwa na kistari kati yake au yakiwa neno moja limewasumbua waandishi wa lugha nyingi. Katika Kiingereza, toleo la sita la Shorter Oxford English Dictionary, lililotolewa mwaka wa 2007, liliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000: ice-cream likawa maneno mawili, ilhali bumble-bee likawa neno moja. Hata hivyo, mwandiko huko hubeba maana. Green house ni nyumba yoyote ya rangi ya kijani. Greenhouse ni kivungulio cha kukuzia mimea, hata kiwe cheupe. Makala haya yanachunguza suala hilo katika Kiswahili, kwa mifano ya msamiati utumikao Londiani na Kericho kwa jumla.

Vigezo vya utambuzi

Nomino ambatano hutambuliwa kwa vigezo vitatu: maana, wingi na uchopekaji. Tuchukue bwana shamba, yaani afisa anayewashauri wakulima. Kimaana, yeye si mwenye shamba. Kiwingi, husemwa mabwana shamba, si mabwana mashamba. Kiuchopekaji, sifa haiwezi kuingia katikati: husemwa bwana shamba hodari, si bwana hodari shamba. Kirai bwana wa shamba ni kinyume chake: humtaja mwenye mali, wingi wake waweza kuwa mabwana wa mashamba, na bwana mkali wa shamba ni sahihi.

Majani ya chai na majanichai

Mfano wenye uzito zaidi ni zao lenyewe. Huandikwa majani ya chai, majani chai au majanichai, na mara nyingi bila kutofautisha kinachochumwa na kinachotiwa katika sufuria. Kigezo cha wingi hakisaidii hapa, kwa kuwa majani tayari ni wingi na chai haibadiliki. Uchopekaji unasaidia: majani mabichi ya chai yakubalika, lakini majani mabichi chai hayakubaliki. Basi umbo lisilo na kiunganifu limekwisha kuwa ambatano.

Utata huu una gharama. Kilo 1 ya chai iliyosindikwa hutokana na takriban kilo 4 hadi 5 za majani mabichi. Mnada wa Mombasa huuza chai iliyosindikwa. Mkulima hupeleka majani mabichi katika kituo cha kukusanyia. Taarifa isemayo tu “bei ya kilo ya majani chai” yaweza kumfanya mkulima alinganishe bei mbili zisizolingana, akadhani amepunjwa au amependelewa. Inafaa, basi, majani ya chai yabaki kuwa yachumwayo, na majanichai, kama neno moja, yawe yaliyosindikwa.

Mipaka ya kistari

Si kila utata huondolewa kwa kuunganisha. Mkulima mdogo aweza kueleweka kuwa ni mwenye shamba dogo au mwenye umri mdogo. Wingi wake, wakulima wadogo, waonyesha kuwa maneno yote mawili hupatana kisarufi. Hivyo hiki ni kirai, na kistari hakina nafasi. Dawa yake ni kusema mkulima mwenye shamba dogo.

Kistari hufaa zaidi pale ambapo sehemu mbili zina hadhi sawa na hakuna inayoifafanua nyingine. Londiani iko kaskazini-mashariki mwa mji wa Kericho: upande huo u kati ya kaskazini na mashariki, na kistari chadhihirisha usawa huo.

Hitimisho

Imebainika kuwa nafasi, kistari na muungano si mapambo ya maandishi, bali ni sehemu ya sarufi na maana. Mhariri, mfasiri na mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kupima neno kwa vigezo vyote kabla ya kuliunganisha. Na pale ambapo fedha ya mkulima inategemea neno hilo, uangalifu huo ni wajibu.