Mama aliuliza: mbona sikukuona?

MUULIZE MJOMBA

Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa Moshi, nina miaka 36, na huu ni msimu wangu wa saba nikiimba soprano ya kwanza katika kwaya ya jumba la opera, kwenye mji wa wastani hapa Ujerumani. Nyumbani wanajua tu kwamba "naimba opera Ulaya". Sikudanganya, ila sikusahihisha pia. Mwaka juzi nilimtumia mama picha nimevaa gauni la mahameli na kitaji kichwani. Akaipeleka usharikani, na wanakwaya wenzake wakaambiwa binti yake huko ni malkia. Ukweli ni kwamba nilikuwa mmoja wa mabibi kumi na wanane wa ikulu katika Don Carlos, safu ya nyuma, karibu na nguzo.

Mwezi wa nne mama alikuja kunitembelea, nasi tulikuwa na Madama Butterfly. Sehemu ya kwanza tunaingia na bibi harusi, wote na miavuli na vinyago vya nusu uso. Mimi mwenyewe nikitazama video sijijui ni yupi. Halafu tunakaa kantini muda mrefu. Mmoja wetu hufuma soksi, mwingine hujaza fomu za kodi. Spika ikituita tunashuka ngazi taratibu, viatu mkononi, tunasimama gizani nyuma ya mandhari, macho kwenye kiluninga kinachomwonyesha kondakta. Pembeni yetu yupo mpiga viola mmoja. Butterfly yuko jukwaani anamsubiri mumewe usiku kucha, na sisi, soprano na tena, tunaimba midomo imefungwa, hakuna neno hata moja, mvumo tu. Inabidi tumtangulie kondakta kidogo, maana sauti yetu ina safari ndefu kuliko ya okestra. Ukimfuata sawasawa, ukumbini utasikika umechelewa. Na lazima iwe ndogo, Mjomba, ndogo hadi usijue ya kwako ni ipi na ya jirani ni ipi. Kila usiku mwili unanisisimka.

Onyesho lilipokwisha nilimkuta mama kwenye mlango wa wasanii, kashika ua. "Mwanangu, mbona sikukuona?" Jibu sikuwa nalo, na usingizi sikuupata.

Sasa jumba moja dogo limenipa mkataba wa solo wa miaka miwili. Mshahara ni pungufu ya ninaoupata leo. Niende?

Soprano wa Moshi

*

Marahaba mpwa wangu. Kabla sijajibu nilichukua kalamu nikaihesabu barua yako. Kusimama gizani umefunga mdomo kumepata aya karibu nzima, mpaka viatu mkononi. Mkataba wa solo umepata sentensi mbili, na ya pili ni ya mshahara. Hukunitajia hata mhusika mmoja utakayemwimba huko. Binti anayetaka kuolewa hasahau jina la mchumba.

Sisemi usiende. Ila barua yako ina maswali mawili, na ulilouliza ndilo jepesi. Lile la mama na ua lake nitalifikia.

Niwaeleze kwanza wasomaji wengine, maana kwetu ukisema "kwaya" mtu anaona sare za Jumapili, mazoezi ya Alhamisi jioni, na mwalimu anayewagombeza soprano. Hakuna mshahara. Na yule anayeitwa mbele kuimba solo ndiye aliyejaliwa, kwa hiyo waliobaki nyuma, kwa hesabu hiyo, hawakujaliwa. Huko aliko mpwa wangu ni ajira. Ujerumani ina majumba ya opera karibu 80 yanayoendeshwa kwa fedha za umma, na kwaya zake ni za watu wa mshahara, wenye bima, likizo na chama chao, VdO, kilichoanzishwa mwaka 1959. Nafasi ikitokea unapanda jukwaani na aria zako, peke yako na piano, na miongoni mwa wanaokupima wamo wanakwaya wenyewe. Wao ndio watakaosimama karibu na koo lako kwa miaka ishirini, lazima waulizwe.

Siku yenyewe huwa imekatwa katikati. Mazoezi saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, kisha pengo la kukuwezesha kupika na kumchukua mtoto shuleni, kisha jukwaani tena saa moja usiku. Wiki moja wanakariri Kiitalia na Kirusi, huku wakifanya mazoezi ya kitu cha Kicheki kitakachofunguliwa mwezi ujao, na kila neno linatakiwa likae kichwani, kwa kuwa karatasi haipandi jukwaani. Nilipokuwa mwanafunzi Leipzig niliwahi kukutana kwenye tramu na bwana mmoja niliyemwona jioni iliyotangulia akiwa kuhani wa Misri, kanzu mpaka chini. Alikuwa amebeba mfuko wa viazi, anasoma gazeti la michezo. Nilimsalimu kwa heshima ya kuhani. Alishangaa sana.

Sasa tuuone mkataba wako. Solo na kwaya huko wako chini ya makubaliano yaleyale ya kazi za jukwaa, lakini hawalali kitanda kimoja. Mshahara wa mwanakwaya umepangwa kwa ngazi, haubembelezwi. Mwimbaji wa solo anajadiliana mwenyewe kuanzia kima cha chini, ndiyo maana si ajabu katika jumba moja yule anayepigiwa makofi peke yake akapokea kidogo kuliko aliye safu ya nyuma karibu na nguzo. Miaka yako miwili ikiisha, mkataba utajirefusha mwaka mmoja mmoja, mpaka siku watakapokuambia basi. Ulinzi wa kutoondolewa huja baada ya kupita miaka kumi na mitano katika jumba moja. Wewe una saba mfukoni. Ukihama unaanza sifuri, ukiwa na 36.

Jambo ambalo pengine hawakukuambia mezani ni mkurugenzi mkuu wa jumba, yule wanayemwita Intendant. Akibadilika, mpya huja na ladha yake na waimbaji wake, na waimbaji wa solo wengi hupewa barua za kwaheri. Sheria inaruhusu. Kwaya na okestra hubaki. Kwa hiyo kabla hujauliza watakulipa nini, uliza mkataba wa mkurugenzi huyo unaisha lini. Kama umebakiza misimu miwili, mpwa wangu, umepewa kiti kwenye basi linalokaribia stendi.

Kisha uliza majina. Soprano wako tele sokoni kuliko sauti nyingine yoyote. Katika jumba dogo soprano mgeni hupewa Papagena, Frasquita wa Carmen, Berta wa Kinyozi wa Seville, na vichekesho vya muziki vya Krismasi ambavyo hakuna mwingine anayevitaka. Si haba, ni kazi nzuri kwa anayeililia. Lakini waandikie watume orodha ya msimu mzima. Halafu isome kitandani usiku, taa ikiwa imezimwa, kwa kumbukumbu. Ukijikuta unaimba Frasquita kichwani mpaka saa nane, nenda, na usinisikilize mimi wala mama yako. Ukisinzia kwenye jina la tatu, umejijibu.

Wala hulazimiki kuruka mto wote kwa hatua moja. Majumba mengi huwapa wanakwaya wao vipande vya solo na kuwalipa nyongeza. Hata hiyo Butterfly yenu ina binamu na shangazi wa bibi harusi, mistari michache kila mmoja, na mara nyingi anayeiimba ametoka kwenye kwaya. Katika miaka saba umewahi kuomba? Barua yako haisemi, nami nakisia hapana, maana aliyeomba akanyimwa hukumbuka mpaka tarehe. Nenda kwa mwalimu wa kwaya, sema "nataka binamu". Ukipewa kipande hicho ukakipenda, omba tena kikubwa zaidi. Kuna pia ofisi ya serikali, ZAV, sehemu ya wakala wa ajira wa Ujerumani, inayosikiliza waimbaji na kuwaambia bila malipo soko lina nafasi gani kwa sauti yao. Waimbie. Watu wasiokujua wana faida moja: hawajali hisia zako. Na uliza kwenye utawala wenu kama wanaweza kukupa likizo ya msimu mmoja bila mshahara. Wakikubali, utakwenda huku mlango wako wa nyuma umeegeshwa.

Kuhusu pensheni usihangaike, mfuko wa watu wa jukwaa ulioko Munich huwachukua wa solo na wa kwaya. Kibali chako cha ukaazi ndicho cha kukagua kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kama kimefungwa kwa mwajiri wa sasa, huo ni msiba usiohitaji muziki.

Lakini nisikufanye uamini kwamba kwaya ni ngome. Machi 2011, Roma, kwaya ya jumba la opera iliimba ule wimbo wa mateka wa Kiyahudi katika Nabucco ya Verdi. Ukumbi ukataka urudiwe. Kondakta Riccardo Muti akageuka, akalalamika mbele ya watu wote juu ya serikali kukata fedha za utamaduni, kisha akawaomba wasikilizaji waimbe pamoja na kwaya. Wanakwaya kadhaa walikuwa wakilia jukwaani. Kumbuka opera hiyo ni ya mwaka 1842, na mpaka leo watu wakitoka ukumbini wanavuma kipande cha kwaya, si cha mfalme wala cha binti yake. Sasa sikia: Oktoba 2014 bodi ya jumba hilohilo la Roma ilitangaza kuwaachisha kazi okestra yote na kwaya yote, watu takriban 180. Novemba wakapatana, uamuzi ukafutwa. Lakini kwa wiki kadhaa wale waliowaliza Warumi walikuwa wakipiga hesabu za kodi ya nyumba.

Basi ukitaka kauli yangu: mimi ningebaki, ningeomba binamu, na ningewaimbia wale wa ZAV. Naweza kukosea. Mimi si soprano.

Twende kwa mama.

Umeandika kwamba picha aliwapelekea "wanakwaya wenzake". Nilisoma mara mbili. Kumbe mama yako ni mwanakwaya! Mwanamke aliyesimama miaka nenda rudi katika safu, anayejua kumeza sauti yake ili ya jirani isizame, anayejua aibu ya kuingia nusu pigo kabla ya wengine katika ibada ya Kwaresma, kanisa zima likiwa kimya. Katika ukoo mzima, mtu anayeweza kukuelewa bila tafsiri ni huyo, na ndiye uliyemficha kwa miaka saba nyuma ya kitaji cha kuazima. Shangazi zako wa Dar wangehitaji kuelezwa. Yeye hahitaji.

Alikuuliza mbona hakukuona kwa sababu ulimfundisha atafute malkia. Alikaa saa mbili na zaidi akikagua kila gauni. Ungemwambia mapema, "Mama, baada ya mapumziko taa zitafifia, Butterfly atakaa kimya, utasikia mvumo usiojua unatoka wapi, humo nimo," angefumba macho. Hebu mpigie simu Jumapili baada ya ibada. Usianze na samahani ndefu, atadhani umepata mimba au umefungwa. Muulize tu: mama, ile sehemu ya usiku, watu wasioonekana wakivuma, uliisikia? Mwache ajibu. Nina dau la soda kwamba aliisikia, na kwamba amekwisha kuijaribu jikoni.

Halafu mweleze kazi yako kama unavyomweleza mwanakwaya mwenzako: usaili, mazoezi mara mbili kwa siku, kumtangulia kondakta. Mwambie mshahara pia, asikie kwamba kuna nchi ambamo mtu hulipwa kila mwezi kwa soprano ya kwanza. Akitaka cha kuwaambia wenzake badala ya malkia, mpe hiki: mwaka 2013, tuzo za kimataifa za opera zilipotolewa London kwa mara ya kwanza, tuzo ya kwaya ilichukuliwa na kwaya ya Cape Town Opera. Waafrika, mbele ya Ulaya nzima. Mashindano ya kwaya wanakwaya wa usharikani wanayaelewa kuliko Don Carlos.

Picha ya gauni msiibandue ukutani. Ni nzuri, na nguzo haionekani.

Barua yako imenifikia katikati ya Septemba. Anayetaka kuondoka mwisho wa msimu anatakiwa kuwaarifu waajiri kwa maandishi kabla ya Oktoba 31 kupita, na wewe hujanyanyuka kwenye kiti. Orodha ya wahusika iombe leo, tarehe ya mkurugenzi iulize kesho. Jumapili ni ya mama. Kwa mwalimu wa kwaya nenda Jumatatu, kabla ya saa nne, hajaanza kuwagombeza soprano.