Mshairi kama Mwalimu wa Utunzi: Kutoka Sheria za Amri hadi Kunga za Mulokozi na Kahigi

Makala haya yanachunguza washairi waliojitwika ualimu wa utunzi, na hasa ujasiri wao wa kuziweka tungo zao nyuma ya kanuni walizozitoa, ili msomaji azipime kwa kanuni hizohizo. Kaluta Amri Abedi alifanya hivyo mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Jina lenyewe la kitabu laonyesha mpango wake: sheria mbele, diwani nyuma.

Aghalabu Amri hutajwa kama mlinzi wa vina na mizani. Sifa hiyo ni ya haki, lakini yaficha jambo kubwa zaidi. Yeye mwenyewe alizaliwa Ujiji mwaka 1924, mbali na pwani, ingawa Ujiji ni mji mkongwe wa Waswahili. Alipoyatia katika maandishi yale ambayo mtunzi chipukizi aliyapata kwa kusikiliza na kuimba pamoja na wakubwa wake, alimfungulia mlango hata yule asiyezaliwa katika nyumba ya malenga.

Tuchukue darasa la Shelui, wilayani Iramba, ambako wanafunzi wengi hukua wakisema Kinyiramba. Mwalimu aandike ubaoni mshororo huu wa kubuni:

Huko mlima Sekenke, gari lashuka jioni.

Kila kipande kina mizani nane. Hata hivyo, mwanafunzi akihesabu kwa macho atakosea, kwani m ya "mlima" ni mizani kamili, ilhali n ya "Sekenke" haisimami peke yake: Se-ke-nke. Kadhalika "mbwa" ina mizani mbili, sawa na "mbuzi". Haya hufundishika, si siri ya damu.

M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, ambao wote wawili walifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, na mwaka 1979 Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mpango ni uleule wa Amri, mafunzo kisha diwani. Hoja ndiyo iliyogeuka. Kwao vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilikuwa kimekwisha kutoka mwaka 1974, na mgogoro ulikuwa umepamba moto.

Kwa maoni yetu, mwalimu aanze na Amri, kwa kuwa anayeacha kanuni asiyoijua hakuchagua chochote. Lakini asimwambie mwanafunzi aliyetunga bila vina kwamba alichoandika si shairi. Neno hilo, likitamkwa mbele ya darasa, huweza kumnyamazisha mtunzi kwa maisha yake yote, na Amri hakuandika sheria zake ili watu wanyamaze.

Zoezi linalofaa ni hili. Kila mmoja aongeze mishororo mitatu yenye vina vya -ke na -ni, kisha aieleze safari ileile pasipo vina, na aseme ni maneno gani aliyaleta kwa sababu ya kina tu. Mwalimu naye atunge, na utungo wake uandikwe ubaoni pamoja na ya wanafunzi, bila jina.