Hesabu Miguu Kabla ya Kununua Dawa: Kumtambua Nyigu-Msumeno wa Kabichi

Katika nyanda za juu ambako kabichi na sukuma wiki ndizo ada ya shule, kuanzia Lushoto na Mgeta hadi miteremko ya Meru na vilima vya Taita, mkulima akimwona mdudu mrefu mwenye miguu mingi akitoboa majani, neno linalomjia ni moja: kiwavi. Anakwenda duka la pembejeo, anaomba dawa ya viwavi, anapewa, anapulizia jioni kama alivyoelekezwa. Siku nne baadaye majani yamebaki mishipa mitupu. Analaumu dawa, analaumu duka, pengine analaumu mvua. Lakini zipo nyakati ambapo dawa ni nzima na imepuliziwa vizuri, ila mdudu ndiye aliyepewa jina lisilo lake. Yule aliyekuwa juu ya jani hakuwa kiwavi. Alikuwa mtoto wa nyigu.

Namzungumzia nyigu-msumeno wa kabichi, wa jenasi ya Athalia. Kwa Kiingereza jina lake linamweka katika nzi, na anayelitafsiri neno kwa neno humwita nzi-msumeno. Mimi silipendi jina hilo, kwa sababu linamtoa mdudu katika ukoo wake. Nzi ana mabawa mawili, huyu ana manne. Ndugu zake ni nyuki, nyigu na sisimizi, wote wa oda ya Himenoptera. Msumeno ni wa kweli: jike ana kijisu chenye meno ncha ya tumbo, anachokitumia kupasua ukingo wa jani na kuchomeka yai kati ya ngozi ya juu na ya chini. Kifaa hicho hakimdungi mtu. Mtoto anaweza kumshika nyigu huyu mkononi bila kuumia.

Tuanze na miguu, maana hapo ndipo kesi yote inapoamuliwa. Mchukue mdudu mmoja, mweke juu ya kiganja au karatasi nyeupe, mtazame kwa ubavu. Karibu na kichwa utaona jozi tatu za miguu halisi, myembamba na yenye viungo. Hizo wanazo wote, kiwavi na huyu. Nyuma yake kuna miguu ya tumbo, minene na laini kama vifundo vya nyama. Hiyo ndiyo ya kuhesabu. Kiwavi wa nondo au kipepeo hana zaidi ya jozi tano za miguu ya tumbo. Wengine wana pungufu, kama yule anayetembea akikunja mgongo mithili ya mtu anayepima jani kwa shubiri. Mtoto wa nyigu-msumeno ana jozi sita au zaidi, na yule wa kabichi ana nane. Jumlisha na miguu halisi: kiwavi wa kawaida ana miguu 16, huyu ana 22.

Kama mdudu hatulii na hesabu inakuponyoka, angalia pengo. Baada ya miguu halisi, mwili wa kiwavi una pingili mbili au zaidi zisizo na miguu kabla ya ile ya tumbo kuanza. Kwa mtoto wa nyigu-msumeno pengo hilo ni pingili moja tu, kwa hiyo miguu yake huonekana kama imepangwa mfululizo toka shingoni hadi mkiani. Mwenye kioo cha kukuzia ataona mengine mawili. Nyayo za miguu ya tumbo ya kiwavi zina kulabu ndogo sana za kushikia jani, na huyu hana. Kichwani, kiwavi kwa kawaida ana vijicho sita vidogo kila upande. Mtoto wa nyigu-msumeno ana kimoja tu kila upande, cheusi, kinachompa sura ya mdudu anayekutazama usoni.

Rangi nayo husaidia, lakini usiitegemee peke yake. Mtoto wa Athalia huwa mweusi wa kung'aa kama aliyepakwa mafuta, au wa kijivu chenye ukijani, ngozi imejaa mikunjo, na akikua hufika takriban sentimita mbili na nusu. Tabia yake ni ushahidi mzuri zaidi kuliko rangi. Mguse kwa ujani: atajikunja kama duara na kujiachia aanguke chini. Kiwavi wa nondo mgongo-almasi, mdudu msumbufu kuliko wote katika kabichi zetu, akiguswa hujinyonganyonga kwa nguvu na kurudi nyuma, kisha huning'inia kwa uzi wa hariri. Watoto wa Athalia wana silaha nyingine tena. Hukusanya mwilini kemikali kali za mimea ya jamii ya kabichi, zile zinazoipa haradali ukali wake, na ngozi yao hupasuka kwa mguso mdogo tu, ikatoa tone la damu yenye kemikali hizo. Siafu au nyigu mwindaji akionja tone hilo huachana naye.

Kwa nini hesabu ya miguu iwe na uzito kiasi hiki? Chukua dawa za kibiolojia zinazotengenezwa kwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Aina inayouzwa kwa wakulima wa mboga, kurstaki, inaua viwavi wa nondo na vipepeo kwa kuharibu utumbo wao, na ni dawa nzuri kwa sababu haiwadhuru nyuki wala mlaji. Kwa watoto wa nyigu-msumeno haifanyi kazi. Mitego ya harufu ya jike iliyotengenezwa kwa ajili ya nondo mgongo-almasi nayo haitamnasa nyigu. Hata marafiki wa mkulima hawabadilishani kazi. Nyigu mdogo Diadegma semiclausum, ambaye wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE walimwachilia Werugha katika vilima vya Taita mwaka 2002, hutafuta viwavi wa nondo mgongo-almasi na kutaga mayai ndani yao. Mtoto wa Athalia aliyeko jani la jirani anamwacha. Fedha ya mbinu hizi ikitumika kwa mdudu asiye wake, imepotea yote.

Mdudu aliyekomaa, yaani nyigu mwenyewe, ni rahisi kumtambua ukishamwona mara moja. Ni mdogo, pungufu ya sentimita moja au kuikaribia, kichwa cheusi, tumbo la rangi ya machungwa au manjano iliyoiva, mabawa yenye weusi wa moshi. Huruka polepole juu ya kitalu siku za jua na kutua kwenye maua. Alama kubwa iko kiunoni: hana kiuno. Nyigu wa kawaida na sisimizi wamekatika katikati kama waliofungwa uzi, lakini huyu kifua na tumbo vimeungana moja kwa moja. Nyigu-misumeno ndio wazee wa oda yote ya Himenoptera. Walikuwapo zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na kiuno chembamba kilikuja baadaye kwa wazao wao.

Sasa cheo chake katika orodha ya viumbe. Oda ni Himenoptera, kundi ni Simfita, ambalo ni jina la pamoja la wote wasio na kiuno, na jenasi ni Athalia, jina lililotolewa na Mwingereza William Elford Leach mwaka 1817. Kati ya kundi na jenasi kuna familia, na hapo utaona majibu mawili kutegemea umri wa kitabu. Vitabu vingi vinamweka katika Tenthredinidae, familia kubwa kuliko zote za nyigu-misumeno. Mwaka 2022 watafiti waliolinganisha jeni zao walipendekeza Athalia na jamaa zake wa karibu wapewe familia yao, Athaliidae. Hata kwa macho kuna dalili: vipapasio vya Athalia kwa kawaida vina pingili 10 au 11 na hunenepa kidogo kuelekea ncha, ilhali wengi wa Tenthredinidae wana pingili tisa. Ukikuta majina mawili ya familia usidhani mmoja amekosea. Mmoja ameandika kabla, mwingine baada.

Makosa ya majina ni ya zamani katika ukoo huu. Ndugu wa Ulaya, anayeharibu tanipu na haradali, anaitwa Athalia rosae. Carl Linnaeus ndiye aliyempa neno rosae, yaani wa waridi, mwaka 1758, na kanuni za majina ya kisayansi zimelilinda jina hilo mpaka leo ingawa mdudu hana habari na waridi. Kwa hiyo jina la kisayansi lisikuambie chakula cha mdudu. Jani ulilomkuta nalo ndilo litakalokuambia.

Kwetu Afrika Mashariki spishi zinazotajwa kwenye kabichi, sukuma wiki, figiri na chainizi ni zaidi ya moja, zikiwamo Athalia sjostedti na Athalia schweinfurthi. Ya kwanza ina jina la Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Kuzitenganisha spishi hizi si kazi ya macho matupu. Mtaalamu hutazama rangi za miguu na kifua, kisha humtoa jike msumeno wake na kuuweka chini ya hadubini, kwa sababu umbo na mpangilio wa meno yake hutofautiana kati ya spishi na spishi. Siku hizi hulinganishwa pia kipande cha jeni.

Ndiyo maana nakusihi: ukiwa na lava, yaani mtoto wa nyigu, peke yake, ishia kwenye jenasi. Andika "Athalia, spishi haijajulikana". Picha ya simu iliyobandikwa jina kamili la spishi kwa kukisia humpotosha kila atakayeisoma, wakati jina la jenasi lililo sahihi linamtosha mkulima kuchagua hatua.

Anayetaka jina kamili hana budi kumlea mdudu mpaka awe nyigu. Si kazi ngumu. Chukua ndoo ndogo au chupa pana, weka udongo wenye unyevu kina cha vidole vinne, ongeza majani mabichi kila siku, funika kwa chandarua. Lava akishiba hushuka udongoni na kujifungia ndani ya kifuko cha hariri ya kahawia, kigumu, kilichogandamana na chembe za udongo. Usikifukue. Nyigu akitoka, mhifadhi kwenye kichupa chenye spiriti na uweke ndani karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, mmea uliomkuta nao na aliyemkusanya. Wino utayeyuka, penseli itabaki. Sampuli isiyo na maelezo hayo haina thamani kwa mtaalamu hata ikiwa nzima. Kisha mwone afisa ugani akusaidie kuifikisha panapostahili, kama Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu jijini Arusha, au ICIPE na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Shambani, tazama kwanza miche michanga, kwa kuwa kundi dogo la lava linaweza kuumaliza mche kwa siku chache, wakati kabichi iliyokwisha kufunga hustahimili. Kuwaokota kwa mkono asubuhi kunafaa kwa bustani ya nyumbani. Dawa za mwarobaini hutumika dhidi yao. Baada ya mavuno, lima udongo uvifunue vile vifuko, ndege na kuku wavimalize, na msimu unaofuata panda hapo mahindi, maharage au karoti. Ikibidi kununua dawa ya kemikali, soma lebo uone kama mdudu huyu ametajwa, na hesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna, maana mboga hii inakwenda kwenye sahani ya mtoto.

Kesho asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, ingia kitaluni na karatasi nyeupe. Ukihesabu jozi nane za miguu ya tumbo, liache kopo la bakteria rafuni. Chukua ndoo yenye maji ya sabuni, ishike chini ya jani, ligonge jani kidogo kwa kidole. Wataanguka wenyewe.