Niliyojifunza kwa Muuza Karanga na Wenzake

Nafundisha Hisabati shule ya kata, mwaka wa 11 sasa. Somo lenyewe mnalijua linavyoangusha watoto kidato cha nne.

1. Usisome maksi kwa sauti. Nilipoanza kazi nilikuwa nasoma kuanzia wa mwisho, nikidhani aibu itawaamsha. Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Binti aliyeshika mkia hakuonekana wiki nzima, na aliporudi akahamia dawati la nyuma kabisa. Siku hizi kila mtu anapokea karatasi yake ikiwa imekunjwa.

2. Kimya si uvivu. Mtoto amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha anafika kidato cha kwanza na karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Nilikuwa na kijana aliyepata 8 kwa 100 kwenye faida na hasara. Jioni moja nikamkuta stendi anauza karanga. Nikachukua paketi 3 za mia mbili mbili, nikampa elfu tano. Sijafunga hata pochi, elfu nne na mia nne ziko mkononi mwangu. "Karibu tena, ticha."

Kesho yake nikaandika ubaoni kwa Kiswahili swali mojawapo alilokosa, baiskeli ya kitabuni nikaifanya debe la karanga. Mkono wake ndio ulionyooka kwanza. Kiingereza tulikirudia polepole, neno kwa neno. Mdhibiti ubora angeingia siku ile, sijui ningejitetea vipi.

3. Zawadi huchoka. Nilinunua peni za kumi bora, wakawa kumi walewale kila mwezi. Wengine 70 kazi yao kupiga makofi.

4. Onyesha njia ilipopotea. Badala ya kosa jekundu, naandika: "Mpaka mstari wa 3 uko sawa. Anzia hapo." Madaftari 80 ni mzigo, siwafichi, mara nyingine naishia nusu. Lakini yule binti wa dawati la nyuma alinifuata mapumziko, bila kuitwa, kidole kikiwa juu ya mstari wa 4: "Shikamoo ticha. Hapa nimerudia."

5. Njaa haishindwi kwa mbinu. Nilimwomba mtaaluma anihamishie vipindi vya mchana viwe asubuhi, kabla njaa haijawabana watoto. Akaniambia kila mwalimu anaitaka asubuhi. Nimepata viwili.