Mstari Usioonekana

Kompyuta huweza kuhifadhi mchoro kwa maneno na tarakimu. Faili la aina ya SVG hueleza mahali mstari unapoanzia na unapoishia, rangi yake na unene wake.

Juma alichora betri, balbu na nyaya. Faili lilipofunguliwa katika kompyuta nyingine, nyaya hazikuonekana. Je, zilifutika? La. Rangi ya nyaya haikuandikwa katika faili. Unene usipoandikwa, kompyuta hutumia kipimo 1. Rangi ya mstari isipoandikwa, mstari hauchorwi.

Jaribio: Fungua faili katika programu ya kuandikia. Katika maelezo ya kila waya ongeza stroke="black", yaani mstari mweusi. Hifadhi, kisha fungua mchoro tena. Unaona nini?

Swali: Mwenzako akiuona mchoro usio na nyaya, atadhani nini juu ya umeme?