Oili ya Injini: Soma Ubavu wa Kopo Kabla ya Kutazama Bei

Ukiingia duka la vipuri Tarime mjini, Sirari au Mugumu, utakuta oili za kawaida zenye majina ya vituo vya mafuta, kama Puma na Oryx, zimepangwa karibu na sinthetiki za bei ya juu kama Mobil 1 na Castrol Edge. Lita moja ya sinthetiki inaweza kuuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya ile ya kawaida. Mwenye bodaboda au gari ana haki ya kuuliza ziada hiyo inampa nini.

Kwa injini nyingi zinazotembea wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, haimpi kikubwa. Kinacholinda injini ni maandishi madogo ya ubavuni mwa kopo, pamoja na kumwaga oili kwa wakati.

Chukua 20W-50. Namba iliyo mbele ya W inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, unaopimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya 20W hujaribiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Sinthetiki ilijipatia sifa katika nchi za theluji, ambako asubuhi oili ya kawaida huwa nzito kama uji uliopoa. Asubuhi ya baridi kali kabisa Nyamwaga haifiki huko. Ukinunua kwa sababu hiyo, unalipia faida usiyoitumia.

Hata hivyo, usichukue hoja hii ukamimina oili nzito kila mahali. Toyota IST au Probox yenye mfumo wa valvu wa VVT-i ina njia nyembamba za oili, na mfumo huo huendeshwa na presha ya oili hiyo hiyo. Kama kitabu cha gari kinataka 5W-30, weka 5W-30. Wapo wanaoweka SAE 40 wakiamini kwamba nzito ndiyo inayolinda, kumbe asubuhi inachelewa kupanda hadi kwenye kemshafti, na vyuma vinasuguana vikavu. Oili nyingi za 5W-30 ni sinthetiki au mchanganyiko, kwa hiyo hapa ongeza hela bila kusita, ila si lazima liwe jina la bei kubwa kuliko yote.

Baada ya namba, tafuta herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi: SN ni ya 2010, SP ya 2020. Kuwa macho na kopo lililoandikwa SF peke yake. API yenyewe inasema SF haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Oili hiyo ni rahisi kwa sababu imepitwa na wakati. Neno “sinthetiki” nalo halikwambii kila kitu: tangu uamuzi wa 1999 wa chombo cha kusimamia matangazo nchini Marekani, hata oili inayotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu huuzwa kwa jina hilo.

Bodaboda wana jambo lao. Kwenye Boxer au TVS, oili moja inalainisha injini, gia na klachi. Oili ya gari, hasa nyepesi yenye viungo vya kupunguza msuguano, inaweza kuifanya klachi iteleze: pikipiki inanguruma lakini mlima haipandi. Tafuta JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha pikipiki. Oili ya kawaida yenye alama hiyo inaishinda sinthetiki ghali ya gari.

Sinthetiki inastahili bei yake kwenye dizeli yenye turbo, kama Prado na Hilux za miaka ya karibuni. Shafti ya turbo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika katika joto kali, na oili dhaifu huungua humo ikaacha masizi magumu. Lakini Land Cruiser ya watalii yenye injini ya 1HZ, isiyo na turbo, inatosheka na 15W-40 ya dizeli ya API CI-4. Injini hiyo inakunywa karibu lita 10. Hela utakayookoa nunulia filta ya oili na filta ya hewa.

Maana adui mkubwa huku ni vumbi. Barabara za ndani ya Hifadhi ya Serengeti na za vijijini huingiza mchanga laini kwenye injini, na hakuna oili inayozuia mchanga kukwangua ringi na silinda. Vitabu vingi vya Toyota hupunguza muda wa kubadilisha oili kutoka kilomita 10,000 hadi 5,000 kwa gari la barabara za vumbi. Usikubali kuambiwa kwamba sinthetiki itakufikisha 15,000.

Kosa kubwa kuliko yote ni kununua oili ya kupima kutoka pipa lisilojulikana, au kopo la jina kubwa lililojazwa upya. Angalia alama ya ubora ya TBS, au ya KEBS kwa bidhaa iliyovuka Sirari kutoka Kenya. Kagua lakiri ya kifuniko na namba ya toleo, kisha dai risiti. Ukishuku bandia, toa taarifa TBS au Tume ya Ushindani. Fundi akimaliza kumimina, toboa kopo kabla hujaondoka gereji, lisije likajazwa tena na kuuzwa kwa mwenzako.