Jalada ni la Mtoto: Maswali Yanayoulizwa kuhusu Kuasili Mtoto Nje ya Nchi

Anayeasili mtoto kutoka nchi nyingine huanza na moyo uliojaa, kisha akakutana na fomu, mihuri na kauli ya "njoo wiki ijayo". Makala hii inajibu maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi, ndugu na walezi wa watoto hao. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: jalada linalofunguliwa si la mzazi wala la wakili. Ni la mtoto, na siku moja atataka kulisoma.

Kwa nini karatasi ni nyingi hivi?

Kwa sababu kuasili humkatia mtoto undugu wa kisheria alionao na kumjengea mwingine, mara nyingi katika nchi asiyoijua na lugha asiyoisema. Kosa likifanyika, halirekebishiki kirahisi.

Oktoba 2007, wafanyakazi wa shirika la Ufaransa liitwalo L'Arche de Zoé walikamatwa nchini Chad wakiwa karibu kuwasafirisha kwa ndege watoto 103. Walidai kuwa ni yatima wa vita vya Darfur. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa na mzazi au ndugu hai, na wengi walitoka vijiji vya Chad yenyewe. Karatasi zinazotuchosha leo zimewekwa ili mtoto mwenye mama asiitwe yatima.

Ndiyo maana Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, unataka mambo haya yathibitishwe kabla ya yote: kwamba mtoto anaweza kuasiliwa, kwamba malezi ndani ya nchi yake yamefikiriwa kwanza, na kwamba ridhaa imetolewa kwa hiari bila malipo. Ridhaa ya mama haihesabiki ikiwa imetolewa kabla mtoto hajazaliwa. Kenya, Rwanda na Burundi ni wanachama wa mkataba huo. Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo, kwa hiyo kila moja hufuata sheria zake na makubaliano na nchi ya mzazi.

Hatua ni zipi?

Majina ya ofisi hutofautiana, lakini njia hufanana. Mzazi hufanyiwa uchunguzi wa familia katika nchi anakoishi: nyumba, kipato, afya, ndoa na rekodi ya polisi. Upande wa mtoto, afisa ustawi wa jamii huandika taarifa ya historia yake na kufuatilia kama ana ndugu. Kisha huja malezi ya kambo chini ya usimamizi, mahakama, usajili, hati ya kusafiria na viza.

Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoa amri ya kuasili pale mwombaji anapokuwa si raia, na inamtaka awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inamtaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto kwa mwaka 1. Kwa hiyo yeyote anayeahidi kukukabidhi mtoto ndani ya wiki chache, mkimbie.

Ucheleweshaji hutoka wapi?

Kuna ucheleweshaji wa aina mbili, na kuzitofautisha kutakuokolea machozi mengi.

Wa kwanza ni ule wa kutafuta ukweli. Afisa amesafiri hadi kijijini kumtafuta bibi, au polisi wanakamilisha taarifa ya mtoto aliyeokotwa. Huo uheshimu. Usilipe chochote kuufupisha, kwa sababu unachofupisha ni ulinzi wa mtoto.

Wa pili ni wa jalada kulala. Barua haijasainiwa, kesi imepigwa kalenda mara ya nne, mtu wa masijala amehamishwa na hakukabidhi. Huo ufuatilie kwa adabu, lakini bila kuchoka.

Sababu iliyo karibu zaidi na nyumbani ni majina. Kadi ya kliniki inasema Fatuma, cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma, barua ya serikali ya mtaa ina jina la babu badala ya la baba. Kwa jirani ni mtoto yuleyule. Kwa ofisa wa ubalozi ni watoto watatu. Linganisha majina na tarehe katika kila karatasi kabla ya kwenda mahakamani, na palipo na tofauti andaa kiapo mapema. Kama mtoto hakusajiliwa alipozaliwa, anzia hapo. Kwa Tanzania Bara ofisi husika ni RITA, na usajili uliochelewa huhitaji vielelezo vya ziada.

Sababu nyingine ni karatasi kuisha muda. Unapongoja moja, nyingine inakufa. Kwa Marekani, kwa mfano, alama za vidole za mwombaji hudumu miezi 15. Andika tarehe ya mwisho ya kila hati, na uombe upya kabla haijafika.

Usisahau tafsiri. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, hivyo hukumu na taarifa huenda zikahitaji mfasiri anayekubalika na nchi ya mzazi. Mlipie kazi yake mapema.

Je, nchi inaweza kusimamisha kila kitu njiani?

Inaweza, na imetokea. Tarehe 25 Septemba 2013, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisitisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa. Mamia ya watoto waliokwisha kupata wazazi kisheria walibaki, wengine kwa zaidi ya miaka 2, hadi majalada yalipoanza kufunguliwa tena kwa wingi Februari 2016. Kenya ilisimamisha uasili unaofanywa na wageni Novemba 2014. Ethiopia iliupiga marufuku mwaka 2018.

Kabla ya kuanza, uliza ubalozi wa nchi yako na idara ya ustawi wa jamii ya nchi ya mtoto kama mlango uko wazi, na uombe jibu la maandishi.

Mimi ni shangazi ninayeishi Marekani. Nikimwasili mtoto wa marehemu kaka yangu, si nitaondoka naye?

Si lazima. Amri ya mahakama na viza ni vitu viwili. Njia ya kawaida ya kumwombea mtoto wa kuasili kama mwanafamilia Marekani inataka awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na mzazi awe na haki ya malezi kisheria na kuishi naye kwa miaka 2. Ipo njia ya watoto yatima yenye masharti yake. Kwa mtoto wa Kenya, Rwanda au Burundi, kwa kawaida utaratibu wa Hague hutangulia mahakama, na anayeukiuka anaweza kupata amri isiyo na faida ya safari. Mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kufungua kesi.

Kwa ndugu walioko Oman na nchi nyingine zinazofuata sheria ya Kiislamu kuhusu nasaba, kinachotambulika ni kafala: mtoto hulelewa na kutunzwa, lakini hubaki na ubini wa baba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kuwa aina halali ya malezi.

Jalada limekwama. Nifanye nini?

Weka daftari: tarehe, ofisi, namba ya jalada, jina la uliyeonana naye na alichosema. Toa nakala za kila hati na usiache hati halisi bila kusainiwa kuwa imepokelewa. Kisha andika barua fupi yenye maswali matatu: jalada liko kwa nani, linakosa nini, na hatua inayofuata ni lini. Ukikosa jibu, panda ngazi moja kupitia wakili.

Ukiombwa pesa isiyo na risiti, usitoe. Ukitoa, umeweka doa kwenye historia ya mtoto, na kesi nzima inaweza kubatilishwa. Nchini Tanzania, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba 113. Ukihisi mtoto anauzwa au anadhulumiwa, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto Tanzania na Kenya.

Na mtoto anayengoja?

Huyu ndiye anayeumia kimyakimya. Usimwahidi tarehe. "Utaondoka baada ya Idi" ikipita Idi mbili, hamwamini tena mtu mzima yeyote. Mwambie kilicho kweli: kuna watu wanaoshughulikia jambo lake, na hajasahaulika. Mwache aendelee na shule na marafiki, maana maisha yake hayangojei viza.

Mwisho, hifadhi kila kipande: picha, jina la kijiji, jina la mama, hata barua iliyochelewa. Wewe utaliona jalada hilo kama miaka ya taabu. Yeye, akifika ishirini na kitu na kuuliza "Nilitoka wapi?", atalifungua na kumkuta mama yake humo.